Fadhili Zina Majina: Mwongozo wa Kukuza Moyo wa Shukrani

Sikiliza sala zako za wiki hii. Huenda utakuta karibu zote ni maombi: ada ya mtoto, afya ya mama, kazi, kodi ya nyumba. Shukrani imo, lakini imekaa mwanzoni katika sentensi ile ile ya kila siku, asante Mungu kwa uzima, kisha unaingia kwenye haja zako. Kuomba si kosa. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba chakula cha kila siku. Ila chakula kilichoombwa jana na kuliwa jana, nani amekitaja leo?

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: shukrani ni kazi ya kumbukumbu. Aliyesahau hashukuru, hata akiwa na moyo mwema, na anayekumbuka kijuujuu hushukuru kijuujuu. Kwa hiyo usingoje kujisikia mwenye shukrani ndipo uanze. Anza kukumbuka, na kutaja, na kumrudia aliyekutendea. Hisia huja baadaye, na siku zisipokuja, kazi yenyewe itakuwa imefanyika.

Unachohitaji ni daftari la kawaida la shule, kalamu, na dakika kumi za jioni.

Kwanza: kwa nini tunasahau

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, Musa anasema na watu waliokaa jangwani miaka 40. Ungetarajia awaonye juu ya njaa na kiu. Yeye anawaonya juu ya shibe: kwamba wakishakula, wakakaa katika nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, watadhani utajiri huo wameupata kwa nguvu zao wenyewe.

Jambo hili unalijua. Ulipokuwa unatafuta kazi, kila usaili ulikuwa na sala yake, na jumuiya nzima iliombea. Kazi ikapatikana. Mshahara wa kwanza uliupokea kwa machozi. Kufikia mwezi wa sita, ujumbe wa benki ukiingia macho yanakwenda moja kwa moja kwenye makato.

Tena kumbukumbu zetu hupinda. Hesabu sura ya 11 inasimulia jinsi Waisraeli walivyolia jangwani wakikumbuka vyakula vya Misri, samaki wa bure, matango, matikiti, vitunguu, hata vitunguu saumu. Mapishi waliyakumbuka yote. Hawakutaja viboko vya wasimamizi wala watoto wao waliotupwa mtoni. Mnung'unikaji naye ana kumbukumbu, tena nzuri, ila inachagua.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, nayo imo katika Luka 17. Wenye ukoma kumi walimlilia Yesu, akawaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, wakatakasika wakiwa njiani. Mmoja tu alirudi kumshukuru, naye alikuwa Msamaria. Tumezoea kuwahukumu wale tisa kama watu wabaya. Soma tena polepole. Tisa wale walikuwa wanatii. Waliambiwa waende, wakaenda. Bila shaka walikuwa na furaha, na walikuwa na haraka ya kuonana na wake na watoto ambao hawakuwagusa kwa muda mrefu. Kosa lao lilikuwa kuendelea na safari. Wengi wetu hatukosi shukrani kwa sababu ya kiburi. Tunaikosa kwa sababu tumeponywa na tuna shughuli.

Yasiyo shukrani, ingawa yanafanana nayo

*Kujilinganisha.* Katika Luka 18, Mfarisayo alisimama hekaluni akamshukuru Mungu kwamba yeye hafanani na watu wengine, wala na yule mtoza ushuru aliyekuwa pale. Sala yake ilianza na shukrani, na haikumfaa kitu. Tunairudia sala hiyo tunapotoka kumwona mgonjwa hospitali na kusema, tushukuru sisi wazima, wenzetu wamelazwa. Mgonjwa si kipimo cha baraka zako. Ni mtu wa kumpelekea uji.

*Kulipia ombi lijalo.* Ukimshukuru Mungu ili afungue mlango mwingine, bado unaomba, umebadilisha maneno tu.

*Kunyamazia uovu.* Mke anayepigwa haambiwi ashukuru kwamba ana mume. Mfanyakazi asiyelipwa haambiwi ashukuru kwamba ana kazi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na Sila walichapwa bakora na kutiwa gerezani Filipi, na usiku wa manane wakaimba. Kulipokucha wakaambiwa waondoke kimyakimya. Paulo akakataa: wamewapiga hadharani bila hukumu, nao ni raia wa Roma, basi waje wakubwa wenyewe kuwatoa. Wakaja. Mtu yule yule aliyemsifu Mungu usiku alidai haki yake asubuhi, na hakuona mgongano wowote. Usikubali mtu atumie shukrani kukufunga mdomo.

Hatua ya 1: Andika mambo matatu kila jioni

Usitenge muda mpya kabisa, maana hautadumu. Pachika zoezi hili kwenye jambo unalolifanya tayari: baada ya chakula cha jioni, wakati maharage yanachemka, au ndani ya daladala ukirudi nyumbani.

1. Andika tarehe.
2. Andika mambo matatu yaliyotokea leo. Ya mwaka huu yaache, andika ya leo.
3. Kando ya kila jambo, andika jina la mtu aliyehusika, kama yupo.
4. Yasome kwa sauti mbele za Mungu. Katika sala hiyo usiombe chochote, hata kidogo. Maombi yana saa yake.

> Mfano wa ukurasa
> *Jumanne*
> – Mvua imenyesha usiku, pipa limejaa. Kesho sinunui maji.
> – Jirani wa chumba cha pili (andika jina lake) alimchukua mtoto shuleni nilipokwama kwenye foleni. Alimpa na chai.
> – Jino halijauma tangu asubuhi. Nimetafuna upande wa kulia.

Angalia hilo la jino. Linaonekana dogo mno kwa kitabu cha sala, lakini aliyekesha na jino wiki nzima anajua kwamba si dogo.

Kipimo cha kila sentensi ni hiki: je, ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, siku yoyote? Kama ndiyo, bado hujafika. "Asante kwa uzima" ni kweli, lakini iulize swali la pili: uzima wa leo umekuja kwa namna gani? Nimepanda ngazi za ofisini bila kusimama. Nimelala kwa saa saba bila kukohoa. Hapo umefika.

Siku utakayokosa la kuandika, anza na mwili: umekula nini, nani alikipika, ni kiungo gani hakikuuma. Kisha toka nje ya mwili: nani alikusalimia, nani alikupisha ukae.

Hatua ya 2: Mara moja kwa wiki, fuata jambo moja hadi kwa wote waliolileta

Jumapili alasiri ni wakati mzuri. Chukua jambo moja kati ya uliyoandika na ulifuate nyuma, mkono kwa mkono, hadi majina yakuishie.

Chukua sahani ya ugali na maharage. Kuna mtu aliyepika, akasonga mpaka jasho likamtoka. Kabla yake kuna aliyekaa na ungo, akachambua maharage chembe kwa chembe. Ulikula ukamaliza bila kung'ata jiwe, maana yake kuna mtu alilitoa, na hujawahi kumwambia neno. Kuna kijana wa mashine ya kusaga, unga umemjaa kwenye nyusi. Kuna dereva wa lori aliyekesha barabarani na magunia, na mpakiaji aliyeyabeba mgongoni. Na huko Rukwa au Ruvuma kuna mkulima aliyepalilia mahindi hayo mara mbili, akaangalia mawingu kwa wasiwasi, akauza kwa bei ambayo hakuipenda. Nyuma ya wote hao kuna mvua, na mvua haina mkulima.

Ukifanya hivi, sala ya chakula haitakuwa tena maneno ya kupita haraka kabla chai haijapoa.

Paulo alikuwa na tabia hii. Warumi sura ya 16, ambayo wasomaji wengi huiruka, imejaa majina. Anawataja zaidi ya watu 20, na wengi anasema walichofanya: Fibi aliyewasaidia wengi, akiwamo yeye Paulo, Priska na Akila waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, mama yake Rufo ambaye amekuwa mama kwake pia. Mtume mwenye elimu kubwa ya mambo ya Mungu alikuwa na orodha ya watu wanaomdai shukrani. Jitengenezee yako kwenye kurasa za nyuma za daftari.

Hatua ya 3: Mrudie mtu, umwambie

Yule Msamaria hakushukuru akiwa mbali. Alirudi. Shukrani inayoishia kwenye daftari ni nusu ya kazi.

Chagua mtu mmoja kila wiki. Kama yuko karibu mwendee. Kama yuko mbali mpigie simu au mrekodie ujumbe wa sauti. Mambo matatu yawepo:

1. Alichofanya, kwa undani, hata kama ni cha miaka mingi.
2. Kilichotokea kwako kwa sababu hiyo.
3. Neno lenyewe la asante.

Kwa mfano: "Shikamoo mwalimu. Ni mimi niliyekuwa nakaa dawati la nyuma, darasa la sita. Ulinibakiza jioni ukanifundisha sehemu, wakati wenzangu wamekwenda mpirani. Leo nafanya kazi ya kupima viwanja, na hesabu ndiyo kazi yangu. Sikuwahi kukwambia. Asante sana, mwalimu."

Ishia hapo. Usiombe chochote katika simu hiyo, wala mkopo wala kuunganishiwa kazi. Hata kama una shida ya kweli, ipigie simu nyingine siku nyingine. Shukrani iliyofuatwa na ombi itasikika kama utangulizi wa ombi.

Anza na wale ambao huwaoni kwa sababu wapo kila siku: mke, mume, mama mkwe anayekulelea watoto, mlinzi wa getini, mzee wa kanisa anayefungua milango kabla hamjafika. Kuhusu dada wa kazi, niseme wazi. Shukrani yako kwake huanza na mshahara kamili kwa siku yake, na Jumapili ya kupumzika. Ukimcheleweshea mshahara kisha ukamshukuru kwa maneno matamu mbele ya wageni, hayo ni maneno tu, naye anajua.

Na kama mtu huyo amefariki? Watafute watoto wake. Hakuna mtoto anayechoka kusikia wema wa mzazi wake.

Hatua ya 4: Nyumbani, pamoja na watoto

Mezani, kabla ya kula, kila mmoja ataje jambo moja la siku hiyo. Mkubwa aanze, ili watoto waone linavyofanywa. Mtoto wa miaka minne akishukuru kwa ajili ya paka wa jirani, itikieni amina, msimsahihishe wala kumcheka. Aliyenuna aruhusiwe kupita bila kusema. Mtoto anayelazimishwa kushukuru hujifunza kuigiza.

Usitumie shukrani kama fimbo. "Huna shukrani wewe, sisi tulikuwa tunatembea kilomita kumi kwenda shule" ni malalamiko ya mzazi, na kesho yake mtoto hujibu kwa shukrani ya punda, yaani mateke. Akisikia baba akimshukuru mama kwa chakula, kila siku, atajua inavyofanywa.

Hatua ya 5: Toa, na usiwe peke yako

Kumbukumbu la Torati sura ya 26 ina utaratibu ninaoupenda kuliko mwingine wowote katika Agano la Kale. Mkulima anachukua malimbuko ya shamba lake, anayatia kikapuni, anakwenda kwa kuhani. Haruhusiwi kukiweka kikapu na kuondoka. Anapaswa kusimulia: babu yetu alikuwa mtu wa kutangatanga, tukawa watumwa Misri, tukalia, Mungu akatutoa, na sasa haya hapa mavuno ya nchi aliyotupa. Sadaka na historia vinakwenda pamoja. Kisha anaagizwa afurahi, pamoja na Mlawi asiye na shamba na mgeni anayekaa kwake.

Sheria ya sadaka ya shukrani katika Mambo ya Walawi sura ya 7 inaongeza jambo: nyama yake iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Familia moja haimalizi mnyama mzima kwa siku moja. Ilibidi kuita watu.

Katika sharika nyingi za Kilutheri Tanzania, ibada ikiisha watu hukusanyika nje kwenye mnada: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku aliyefungwa miguu, maboga ya mama asiye na fedha taslimu ila ana bustani. Tazama mnada huo kwa jicho la Kumbukumbu 26. Unaponunua mayai yale kwa bei ya juu, kisha ukampa mjane aliyekaa kwenye benchi, mavuno yamefika yalikokusudiwa.

Sasa, ibada ya shukrani ya familia. Ni desturi njema: mtoto amefaulu, mgonjwa amepona, ndoa imetimiza miaka 25. Lakini siku hizi imeanza kuvaa nguo za harusi, na kamati, sare za kitenge, keki, mshereheshaji. Sikatai furaha. Ninachokataa ni deni. Kabla hujamwona mchungaji au padre kupanga tarehe, pitia orodha hii:

> Kabla ya ibada ya shukrani
> ☐ Naweza kusema kwa sentensi mbili ninachoshukuru.
> ☐ Nimewashukuru kwanza watu waliohusika: muuguzi, mwalimu, aliyenikopesha nauli.
> ☐ Gharama zote ziko ndani ya uwezo wangu, bila mkopo.
> ☐ Hakuna ndugu anayelazimika kununua sare ili aonekane ndugu.
> ☐ Kuna mtu asiye na uwezo wa kunialika kwake ambaye mimi nimemwalika.
> ☐ Sadaka ni kubwa kuliko keki.

Mkihitaji kupunguza, punguzeni mapambo. Orodha ya waalikwa maskini msiiguse.

*Ukipewa nafasi ya kushuhudia.* Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaenea Tanganyika na Kenya, ulijenga desturi ya ushuhuda: mtu kusimama mbele ya ndugu na kueleza alichotendewa, pamoja na dhambi aliyoitubu, huku wakijibu kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Ushuhuda wa namna hiyo una uzito kwa sababu msimuliaji hajipambi. Fuata mfano huo. Zungumza dakika tatu. Sema ulivyokuwa, kilichotokea, ulivyo sasa. Usitaje kiasi cha fedha ulichopata. Usifichue siri ya ndoa ya mtu au ugonjwa wa mtu bila idhini yake. Na kumbuka kwamba ameketi mle ndani mama aliyeombea jambo lile lile na hakulipata. Usiseme lolote litakalomfanya aamini kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Hatua ya 6: Siku za giza

Hapa ndipo miongozo mingi ya shukrani inapoumiza watu, kwa hiyo twende taratibu.

Katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, Paulo anaagiza kushukuru katika kila hali. Hakuagiza kuushukuru msiba wenyewe. Mtoto aliyekufa si zawadi, na Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Kushukuru katika hali hiyo ni kumshikilia Mungu ndani ya giza, wakati giza bado ni giza.

Maneno tunayoyasema sana misibani, yale ya Ayubu sura ya 1 kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, aliyasema mfiwa. Ayubu aliyasema juu ya nafsi yake, akiwa amerarua vazi lake. Hakuna rafiki aliyemwambia ayaseme. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya. Ukienda msibani, kaa. Osha vyombo, teka maji, lala kwenye mkeka. Usimwambie mfiwa ashukuru.

Kama mfiwa ni wewe, au umeachishwa kazi, au majibu ya hospitali yamekuja mabaya, fuata mpangilio huu:

1. Lalamika kwanza, kwa Mungu. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Inaanza kwa kumuuliza Mungu atasahau hata lini, na inamalizika kwa wimbo. Zaburi ya 88 haifiki kwenye wimbo kabisa, inaishia gizani. Nayo imo ndani ya Biblia, na ukiisali umesali.
2. Punguza mambo matatu yawe moja. Andika kitu kimoja kilichobaki. Dada amekuja kulala nami. Nimeoga. Yatosha.
3. Fungua kurasa za zamani. Kwa ajili ya siku hii uliandika. Katika 1 Samweli sura ya 7, Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, kuwa kumbukumbu kwamba hadi hapo Mungu alikuwa amewasaidia. Wewe jiwe lako ni daftari. Soma mwezi mmoja uliopita, kisha funga.
4. Waachie wengine wakushukurie. Katika Marko sura ya 2, mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, na Yesu aliiona imani yao. Kama huna neno, mwombe rafiki asali, wewe ukae tu.
5. Tafuta msaada wa kitabibu kama usingizi na hamu ya kula vimepotea kwa wiki kadhaa, au ukianza kuwaza kujidhuru. Usingoje katika hali hiyo: mwambie mtu leo, na nenda hospitali. Sonona ni ugonjwa, na daftari haliutibu.

Kanisa lina mashahidi wa jambo hili. Martin Rinkart alikuwa mchungaji wa mji wa Eilenburg, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka 30. Mwaka 1637 tauni iliingia mjini. Alizika maelfu ya watu, akiwamo mke wake. Ndiye mtunzi wa utenzi wa shukrani ambao Walutheri duniani kote wanauimba hadi leo. Ukikutana nao kwenye kitabu chako cha nyimbo, angalia jina la mtunzi kabla hujauimba.

Makosa ya kawaida

Kuandika mambo yale yale kila siku. Ukiona "uzima, familia, chakula" mara tatu mfululizo, rudi kwenye kipimo cha Hatua ya 1.

Kushukuru kwenye simu tu. Kumshukuru mama kwenye statasi ya WhatsApp, naye hana simu ya kuiona, kunawafikia wengine wote isipokuwa mama.

Kujilazimisha kulipa kila wema. Mtu amekupa ndizi, umeingiwa na wasiwasi utampa nini. Sema asante, kula ndizi. Kupokea vizuri nako ni shukrani, na wenye kiburi hukuona kugumu.

Kufidia siku zilizoruka. Ukikosa siku nne, usikae kujaza kurasa nne kwa kubuni. Andika tarehe ya leo uendelee.

Ukaguzi wa kila mwezi

☐ Nimesoma kurasa zote za mwezi huu kwa mkao mmoja.
☐ Kuna angalau watu wanne niliowarudia na kuwaambia.
☐ Nimeona jina linalojirudia mara nyingi, na mtu huyo anajua.
☐ Kuna ombi la zamani lililojibiwa nikasahau kulishukuru, leo nimelishukuru.
☐ Kuna kitu nimetoa kwa sababu ya nilichokumbuka.
☐ Sala zangu za wiki hii zina shukrani ambayo haikuwapo wiki ya kwanza.

Kisanduku cha nne huwashangaza watu. Tunayakumbuka maombi ambayo hayajajibiwa kwa sababu bado yanauma, na yaliyojibiwa yamegeuka kuwa maisha ya kawaida: nyumba unamolala, mtoto anayekupigia kelele, mguu uliopona. Tafuta moja leo. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza, uandike na jina la mtu ambaye Mungu alimtumia. Kama ana simu, mpigie kabla hujaanza hatua nyingine yoyote ya mwongozo huu.